Ramanujan: Mhadhiri alimwona kila siku, hakumuuliza analalaje

Ikiwa umewahi kufeli kwa sababu ulipenda somo moja ukayasahau mengine, Srinivasa Ramanujan ni mwenzako. Alizaliwa Desemba 22, 1887 kusini mwa India, babake akiwa karani katika duka la nguo. Mnamo 1904 alipata ufadhili wa kusoma chuoni mjini Kumbakonam, lakini alizama kwenye hisabati hadi akaanguka Kiingereza. Ufadhili ukakatwa. Akatoroka nyumbani kwa muda, kisha akajaribu chuo kingine Madras. Huko pia akafeli.

Komredi, hali hiyo waijua. Pesa za karo zimeenda, nyumbani wanauliza mambo yanaendaje, nawe huna la kuwaambia.

Alinusuriwa na barua. Januari 1913, akiwa karani bandarini Madras kwa mshahara wa pauni 20 kwa mwaka, alimwandikia G.H. Hardy, mwanahisabati wa chuo cha Trinity, Cambridge, akamtumia kanuni alizozigundua mwenyewe. Hardy alishangaa. Aprili 1914 Ramanujan akatua Uingereza, mkewe Janaki akabaki India. Miezi minne baadaye vita vikuu vikaanza.

Hapa tukae kidogo. Kimasomo, hungetamani mwalimu bora kuliko Hardy. Alionana na kijana huyu karibu kila siku, wakaandika makala pamoja, na mnamo 1916 Ramanujan akapata digrii. Lakini mazungumzo yao yalikuwa hisabati tu. Hardy alikuwa mtu wa haya, na mambo ya moyo hakuyagusa.

Aliyegundua shida ni mwanafunzi mwenzake, Mahalanobis, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanatakwimu mashuhuri. Aliposikia kwamba Ramanujan analala na koti na shali na bado anatetemeka, aliingia chumbani kuangalia kitanda. Blanketi zilikuwepo, zimechomekwa vizuri. Ramanujan hakujua kwamba watu huingia chini yake. Alikuwa akilala juu! Shida ya dakika moja hiyo, na ilihitaji tu mtu wa kuuliza.

Mengine hayakuonekana upesi. Hakula nyama wala hakuliamini jiko la chuo, hivyo alijipikia chumbani, na vita vikafanya mboga kuwa adimu. Barua za mkewe hazikumfikia, kwa sababu mamake, aliyekuwa hapatani na mkazamwana, alizizuia. Siku moja alialika wageni, akawapakulia supu mara mbili. Alipotaka kuwaongezea mara ya tatu, wanawake wawili wakasema wameshiba. Ramanujan akatoka, akapanda teksi, akaenda zake Oxford, na habari zake zikapatikana siku nne baadaye. Ungesema ni vituko vya jiniasi, sivyo? Mimi naona mtu aliyeelemewa, ambaye hata supu kukataliwa ilimwumiza.

Mnamo 1917 aliugua, akahamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine. Trinity nayo ikakataa kumpa nafasi miongoni mwa wasomi wake. Mapema 1918, katika stesheni ya treni jijini London, alijaribu kujitoa uhai. Mfanyakazi wa stesheni alimwona, akamwokoa. Polisi wakamkamata, maana lilikuwa kosa la jinai. (Kwetu Kenya, Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba sheria kama hiyo inakiuka Katiba. Kama ni wewe unayepitia giza hilo leo, piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu, bila malipo.)

Hardy alikwenda kwa polisi na kudanganya kwamba huyo ni mwanachama wa Royal Society, hivyo hawezi kutiwa ndani. Wakamwachilia. Mei 1918 uongo huo ukawa kweli, na Oktoba Trinity ikampa ile nafasi, pauni 250 kwa mwaka. Ramanujan akapata nguvu ya kurudi kazini. Lakini ona ilivyobidi afike ukingoni kwanza. Blanketi halikuhitaji daktari wala profesa. Mlinzi wa hosteli angeliona, au mpishi wa mesi, au karani wa karo anayeona jina lile lile kila muhula.

Baadaye Hardy alimtembelea hospitalini Putney. Hakujua aanzie wapi, akaanza na nambari ya teksi iliyomleta, 1729, ambayo aliiona haina mvuto. Mgonjwa akamkosoa papo hapo: ndiyo nambari ndogo kabisa inayopatikana kwa kujumlisha kyubu mbili kwa njia mbili tofauti.

Ramanujan alirejea India 1919, akafa Aprili 26, 1920 akiwa na miaka 32. Miezi mitatu kabla ya hapo, akiwa kitandani, alimwandikia Hardy barua ya mwisho. Karibu yote ilikuwa hisabati.