Pestalozzi: Bonde Kabla ya Ramani

Wanachuo wengi wanapokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, somo la maarifa ya jamii haliwatii hofu kama hesabu. Hudhani kuwa ni somo jepesi: mwalimu atatundika ramani ukutani, atataja majina ya milima, mito na miji, na watoto watayarudia mpaka yakae kichwani. Lakini mkufunzi aketiye nyuma ya darasa akimwuliza mtoto mmoja kijito kipitacho karibu na shule yao kinatoka wapi na kinakwenda wapi, aghalabu mtoto hunyamaza. Ameweza kutaja mito ya bara jingine, lakini hana neno la kusema juu ya maji anayoyavuka kila asubuhi.

Kasoro hiyo si ya leo, wala si ya nchi moja. Zaidi ya miaka 200 iliyopita ilimsumbua Johann Heinrich Pestalozzi, mwalimu wa Uswisi ambaye jina lake husikika sana katika vyuo vya ualimu, ingawa maisha yake hayajulikani na wengi. Yafaa tuyaeleze maisha hayo, pamoja na ushindi na makosa yake, maana mwalimu mwanafunzi hupata faida katika yote mawili.

Utoto na ujana

Pestalozzi alizaliwa mjini Zurich tarehe 12 Januari 1746. Baba yake, aliyekuwa tabibu, alifariki mwaka 1751, mtoto akiwa na umri wa miaka 5 tu. Alilelewa na mama yake akisaidiwa na mtumishi wa nyumbani aliyeitwa Babeli, ambaye alikuwa amemwahidi baba huyo kabla ya kufa kwake kwamba hataitupa jamaa ile; na ahadi hiyo aliitimiza. Fedha zilikuwa haba, hata watoto walizuiwa kucheza nje wasije wakachakaza nguo na viatu. Basi Pestalozzi alikua ndani ya nyumba, akawa mwenye haya, asiye hodari wa michezo, tena mwenye kuchekwa na wenzake shuleni.

Aliyemfungulia mlango wa kuiona dunia ni babu yake, mchungaji wa kanisa katika kijiji cha Höngg karibu na Zurich. Kila alipomtembelea, alifuatana naye katika nyumba za maskini na katika shule ya kijiji. Huko aliona watoto wadogo wakidhoofika kwa kazi ya kusokota pamba. Akajua pia kwamba watu wa mashambani, ijapokuwa walikuwa wengi, hawakuwa na sauti katika utawala, ambao ulikuwa mikononi mwa raia wa mji. Hilo ndilo lililokuwa somo lake la kwanza juu ya jamii, nalo hakulipata kitabuni.

Alipokuwa kijana alisoma Émile, kitabu cha Rousseau kilichotolewa mwaka 1762, kikamgusa mno. Aliacha mawazo ya kuwa mchungaji, akaacha na sheria pia, akashika jembe. Mwaka 1769 alimwoa Anna Schulthess, wakafanya makao yao katika shamba waliloliita Neuhof, karibu na kijiji cha Birr. Kilimo hakikufaulu. Hata hivyo, mwaka 1774 alianza kuwakusanya watoto wa maskini shambani hapo, akawafundisha kulima, kusokota na kufuma, huku wakijifunza kusoma na kuhesabu. Alitumaini kwamba kazi ya mikono yao ingelipa gharama za shule. Haikulipa. Mwaka 1780 shule ilifungwa, na sehemu kubwa ya mali ya mkewe ikawa imepotea.

Baada ya hapo alikaa miaka 18 bila darasa, akiandika. Riwaya yake ya Lienhard na Gertrud, ambayo sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1781, ilimletea sifa kubwa. Watu walimjua kuwa mwandishi. Yeye moyoni alitamani kuwa mwalimu.

Yatima wa Stans

Nafasi ilimjia kwa njia ya msiba. Mwaka 1798 majeshi ya Ufaransa yaliingia Uswisi, na Jamhuri ya Helvetia ikaundwa. Watu wa Nidwalden walikataa katiba mpya, na mwezi wa Septemba mwaka ule jeshi la Ufaransa liliwashambulia. Wengi waliuawa, nyumba zikachomwa moto, na watoto wengi wakabaki yatima. Serikali ilimtuma Pestalozzi kwenda kuwatunza katika mji wa Stans.

Tufikiri juu ya hali aliyoikuta. Watoto walikuwa wapatao 80, wengi wagonjwa na wenye njaa. Wao walikuwa Wakatoliki, naye Mprotestanti. Tena alikuwa ametumwa na serikali ile ile ambayo watu wao waliikataa hata wakafa. Hakuwa na vitabu wala walimu wenzake, isipokuwa mwanamke mmoja wa kumsaidia kazi za nyumba. Akala nao, akalala nao, akawauguza. Kwa kuwa alikuwa peke yake, aliwaweka watoto waliojua kidogo wawafundishe wasiojua.

Mwezi wa Aprili mwaka 1799 mji wa Altdorf, usio mbali na hapo, uliteketea kwa moto. Pestalozzi aliwakusanya watoto wake, akawaeleza kwamba wako watoto wenzao wasio na pa kulala. Akawauliza kama wangependa kuwapokea wapatao 20 kati yao. Hakuwaficha gharama yake: chakula kingepungua, kazi ingeongezeka, na pengine ingewalazimu kugawana nguo. Watoto walikubali, nao wakashikilia neno lao hata baada ya kuelezwa mara ya pili.

Mwanachuo alifikirie sana jambo hilo. Ushirikiano ni mada katika muhtasari wa masomo, na ni rahisi kuiandika ubaoni na kuwaamuru watoto wainakili. Pestalozzi hakuiandika mahali popote. Aliwapa watoto jambo la kweli waliamue, lenye hasara ya kweli, kisha akaiheshimu hukumu yao.

Mwezi wa Juni mwaka 1799 jengo lilitwaliwa liwe hospitali ya jeshi. Kazi ya Stans ikakoma baada ya miezi michache tu, na Pestalozzi akaondoka mgonjwa, akitema damu.

Shule ya mataifa

Alipopata nafuu alifundisha Burgdorf, ambako alianza kuipanga njia yake ya kufundisha. Mwaka 1801 aliieleza katika kitabu cha Jinsi Gertrud Anavyowafundisha Watoto Wake. Kwa ufupi, alisema kwamba mtoto aanze na kitu chenyewe kabla ya neno, na kilicho karibu kabla ya kilicho mbali. Aende hatua kwa hatua, asivuke hatua moja kabla ya kuimudu ile iliyotangulia. Tena elimu iguse kichwa, moyo na mkono kwa pamoja.

Mwaka 1805 shule yake ilikuwa imehamia Yverdon, katika ngome ya kale iliyo kando ya ziwa la Neuchâtel. Hapo ikadumu kwa muda wa miaka 20, na sifa zake zikaenea Ulaya nzima. Wavulana wa umri wa miaka 7 hadi 15 hivi walitoka Uswisi, Ujerumani, Ufaransa, Urusi, Uingereza na nchi nyingine. Kijerumani na Kifaransa vilitumika pamoja. Ikumbukwe kwamba ilikuwa miaka ya vita vya Napoleon: watoto ambao mataifa yao yalikuwa yakiuana walilala chini ya dari moja na kuogelea katika ziwa moja. Hapakuwa na zawadi kwa wa kwanza wala aibu kwa wa mwisho. Walipanda milima kwa miguu pamoja na walimu wao, na walilima vibustani vyao wenyewe.

Mwanafunzi mmoja wa shule hiyo, Louis Vulliemin, ambaye baadaye alikuwa mwanahistoria mashuhuri wa Uswisi, alieleza jinsi walivyofundishwa jiografia. Siku ya kwanza hawakuonyeshwa ramani. Walipelekwa katika bonde jembamba nje ya mji, ambamo hupita mto Buron. Waliagizwa kulitazama bonde lote, kisha sehemu zake moja moja, mpaka kila mtoto awe amelishika barabara. Ndipo walipochimba udongo wa mfinyanzi uliokuwa upande mmoja wa bonde, wakaufunga katika makaratasi makubwa, wakaubeba hadi shuleni. Huko waliizunguka meza kubwa, wakagawana udongo, na kila mmoja akafinyanga ile sehemu ya bonde aliyopewa.

Siku zilizofuata walirudi tena, kila mara wakipanda mahali pa juu zaidi na kuona mbali zaidi, na kila mara waliporudi waliiongeza kazi yao ya udongo. Bonde lilipokamilika mezani, hapo tu ndipo walipoletewa ramani. Kufikia wakati huo kila mtoto aliweza kuisoma bila taabu, maana alikwisha kuikanyaga kwa miguu na kuijenga kwa mikono.

Mwaka 1807 Carl Ritter, Mjerumani aliyekuja kuwa mmoja wa waasisi wa jiografia ya kisasa, aliitembelea shule hiyo. Baadaye alikiri kwamba Pestalozzi mwenyewe alijua jiografia kidogo sana, na hata hivyo ndiye aliyempa msingi wa njia yake ya kuifikiri jiografia. Friedrich Fröbel, ambaye baadaye alianzisha shule za chekechea, naye aliishi Yverdon kutoka mwaka 1808 hadi 1810.

Doa katika kazi yake

Lau tungekomea hapo, tungekuwa tumesimulia habari nzuri lakini isiyo kamili. Pestalozzi alikuwa ametaka kuwafundisha watoto wa maskini. Yverdon ilijaa watoto wa wenye uwezo, kwa sababu ada zao ndizo zilizoiendesha shule. Wageni mashuhuri walipozidi kumiminika, walimu walipoteza muda mwingi wakiwaonyesha ustadi wa watoto, na maonyesho yakaanza kuchukua mahali pa masomo.

Ubaya mkubwa zaidi ulikuwa baina ya walimu. Wasaidizi wake wawili wakuu, Johannes Niederer na Joseph Schmid, hawakupatana, na Pestalozzi hakuweza kuwaamua. Katika hotuba yake ya mwaka mpya wa 1808 alisimama kando ya jeneza lake mwenyewe, akajilaumu mbele ya shule nzima kwamba amekuwa mdhaifu kuliko kazi aliyopewa. Mkewe Anna, aliyekuwa akituliza ugomvi, alifariki mwezi wa Desemba mwaka 1815. Mwaka uliofuata walimu wengi waliondoka. Niederer naye akaondoka mwaka 1817, na ugomvi ukafika mahakamani.

Watoto wa mataifa yanayopigana walikaa pamoja kwa amani. Walimu wao hawakuweza. Hilo ni jambo la kutuhuzunisha, na la kutuonya pia. Mwalimu wa maarifa ya jamii hufundisha saa zote, hata asipokuwa na chaki mkononi. Watoto huitazama jamii ya walimu wao kama vile wale wa Yverdon walivyolitazama bonde la Buron, sehemu kwa sehemu, mpaka wameishika.

Mwaka 1818, akiwa na umri wa miaka 72, Pestalozzi aliitumia fedha iliyotokana na vitabu vyake kufungua shule ya maskini katika kijiji cha Clindy, karibu na Yverdon. Hiyo ndiyo iliyokuwa shauku yake tangu ujana. Muda haukupita mrefu ikaunganishwa na shule ya ngomeni, na mwaka 1825 yote yakafungwa. Mzee alirudi Neuhof, mahali alipoanzia. Alifariki katika mji wa Brugg tarehe 17 Februari 1827, akazikwa Birr karibu na shule ya kijiji.

Tunayoachiwa sisi

Baada ya kufa kwake njia yake ilienea, na katika kuenea ikaharibika. Huko Uingereza, kwa mfano, walimu wengi walisimama mbele ya darasa wakishika kipande cha kioo au kaa la mawe, na watoto wakaimba sifa za kitu hicho kwa pamoja, neno kwa neno, kama walivyoimba majina ya mito hapo zamani. Kitu kilikuwepo, lakini kuona hakukuwepo. Kwa hiyo tusidhani kwamba udongo wa mfinyanzi una uganga ndani yake. Zana za kufundishia humfaa mtoto ikiwa tu zinamlazimisha kutazama na kufikiri mwenyewe.

Mwanachuo atakayeandika andalio la somo juu ya mito, na ajiulize kwanza maji ya karibu na shule yake yako wapi, na ni lini atawapeleka watoto huko. Huenda darasa lake lina watoto wa makabila, dini na lugha mbalimbali, au watoto waliohamia kutoka nchi jirani. Wote hunywa maji hayo. Wakilichunguza bonde lao pamoja, wakalifinyanga na kulipima, ramani ya nchi na ya dunia itawafikia ikiwakuta tayari. Tena katika kugawana udongo na kuelewana ni nani ajenge wapi, watakuwa wamekwisha kuanza somo lile jingine, ambalo walimu wa Yverdon walishindwa kulihitimu.