FAUSTO COPPI, BINGWA WA BAISKELI

Fausto Coppi alizaliwa mwaka 1919 katika kijiji cha Castellania, nchini Italia. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipokuwa mvulana aliajiriwa na mwuza nyama, akawa anawapelekea watu nyama kwa baiskeli. Kazi hiyo ilimpa nguvu za miguu.

Mwaka 1940 aliingia katika mashindano ya kuzunguka Italia. Kazi yake ilikuwa kumsaidia bingwa, Gino Bartali. Kumbe msaidizi ndiye aliyeshinda! Toka hapo Waitalia wakagawanyika. Hawa wa Bartali, hawa wa Coppi. Walibishana vilabuni na majumbani, hata ndugu kwa ndugu.

Siku moja mwaka 1949 waendeshaji walipanda milima mitano, safari ya kilomita 254. Ni karibu sawa na kutoka Dodoma hadi Morogoro, ila njia yetu haina milima kama ile. Coppi aliwaacha wenzake, akaenda peke yake kilomita 192. Bartali alifika wa pili, karibu dakika 12 baadaye.

Desemba 1959 Coppi alikwenda kushindana katika nchi inayoitwa sasa Burkina Faso. Alilala chumba kimoja na Mfaransa, Raphaël Géminiani. Mbu waliwauma. Waliporudi makwao, wote wawili waliugua malaria. Géminiani alipimwa damu, akapewa kwinini, akapona. Madaktari wa Coppi hawakuutambua ugonjwa huo, ambao kwetu kila mama anaujua. Coppi alikufa tarehe 2 Januari 1960, akiwa na miaka 40.

Géminiani aliishi mpaka mwaka 2024. Alikuwa na miaka 99.