ELIZABETH FRY NA SAA YAKE

Mwaka huu nimeona niwasimulie habari za mama mmoja wa Uingereza aliyefariki zamani sana. Huenda mkauliza, yeye na sisi wapi na wapi? Subirini kidogo.

Elizabeth Fry alizaliwa mjini Norwich mwaka wa 1780 katika jamii ya matajiri. Alikuwa Mkristo wa dhehebu la Friends, yaani Quakers, ndilo lile lile lililofika Kaimosi mwaka wa 1902. Wao huamini kwamba ndani ya kila mtu mna nuru ya Mungu. Aliolewa na mwenye benki, akajaliwa watoto 11. Kwa hivyo msidhani alikuwa mtu wa kukosa kazi!

Mwaka wa 1813 alikwenda kuwaona wanawake waliofungwa katika gereza la Newgate, London. Walikuwa kama 300 pamoja na watoto wao, wamesongamana, wakipika, wakifua na kulala papo hapo. Baadhi yao walikuwa hata hawajahukumiwa. Inasimuliwa kwamba wakubwa wa gereza walimwonya aache saa yake nje isije ikanyakuliwa. Mama akaingia nayo.

Mimi hapo kwenye saa ndipo niliposimama nikafikiri. Unawezaje kumsalimu mtu kwa heshima huku umeshika mfuko wako?

Aliporudi miaka michache baadaye, hakuwaamuru lolote. Aliwauliza akina mama kama wangependa watoto wao wafundishwe. Walifurahi, wakamchagua mwalimu miongoni mwao, Mary Connor. Kosa lililomfunga? Msicheke: aliiba saa. Mnamo 1817 Elizabeth na wenzake waliunda chama, wakaleta kazi za kushona. Kanuni zilipotungwa, ilisomwa moja moja, na wafungwa wakapiga kura kwa kuinua mikono. Wakakubali kuacha matusi, kamari na kuombaomba. Ati mfungwa aulizwe maoni yake, tena zama zile!

Mwaka wa 1818 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, na sheria ya 1823 ikaagiza wafungwa wanawake walindwe na wanawake. Benki ya mumewe ilianguka mwaka wa 1828, fedheha ikawapata, lakini magereza hakuyaacha. Alifariki mwaka wa 1845.

Sasa niseme linalonihusu. Mimi ni kiranja wa bweni. Muhula wa kwanza sabuni yangu ilipotea, nikamwita kijana mmoja wa kidato cha kwanza mwizi mbele ya wenzake wote. Kumbe sabuni ilikuwa ndani ya ndoo yangu mwenyewe, chini ya nguo! Nilinyamaza. Jumapili nikaongoza sala kama kawaida, naye ameketi safu ya mbele akinitazama.

Muhula wa pili ndipo nilipokisoma kitabu cha maisha ya mama huyu katika maktaba. Ilinichukua siku tatu kupata ujasiri. Jioni ya tatu nilikwenda kitandani kwake, nikapiga hodi kwenye sanduku lake, nikamwomba msamaha. Hakusema mengi. Lakini kesho yake niliwakusanya wale wale waliosikia nikimwita mwizi, nikawaeleza ilikokuwa sabuni.