Masaoka Shiki: Mshairi Aliyefunzwa Kutazama na Mchoraji

Katika ushairi wa Wajapani upo utungo uitwao haiku, ambao ufupi wake huwashangaza wageni. Utungo mzima una mizani 17 tu, zilizogawanywa katika vipande vitatu: mizani 5, kisha 7, kisha 5. Sisi tuliozoea shairi la Kiswahili lenye mizani 16 katika kila mshororo tutatambua kwamba Mjapani hueleza jambo lake zima kwa maneno yanayozidi kidogo tu mshororo wetu mmoja. Mtu aliyeufufua utungo huo ulipokuwa umechakaa, na aliyelieneza jina la haiku kama litumikavyo leo, ni Masaoka Shiki. Alikuwa mtoto wa askari, akaenda vitani hali ni mgonjwa, na siri ya kazi yake aliipata kwa mchoraji wa picha.

Shiki alizaliwa mwaka 1867 katika mji wa Matsuyama, kisiwani Shikoku. Ukoo wake ulikuwa wa samurai, yaani askari wa kurithi waliomtumikia mtawala wa jimbo, ingawa cheo cha baba yake kilikuwa cha chini. Mwaka 1868 utawala wa kale uliangushwa. Baada ya hapo samurai walipoteza posho zao, na mwaka 1876 wakakatazwa hata kuchukua panga hadharani. Baba yake, aliyependa sana ulevi, alifariki mwaka 1872. Mtoto akalelewa na mama yake, Yae, na babu yake mzaa mama, Ohara Kanzan, aliyekuwa mwanachuoni, akamfundisha maandiko ya Kichina. Hivyo upanga ulipokwisha kuwa na kazi katika nyumba ile, kalamu ndiyo iliyobaki.

Mwaka 1883 alikwenda Tokyo kusoma. Huko alipata rafiki wa maisha, Natsume Sōseki, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mkuu wa riwaya. Shiki alikuwa kijana mchangamfu, mpenzi wa mchezo wa besiboli. Lakini mwaka 1889 alitema damu, na kifua kikuu wakati ule kilikuwa ugonjwa usio na dawa. Ndipo alipojiita Shiki, jina la ndege mmoja wa huko ambaye watu husimulia kwamba huimba mpaka akatema damu. Aliacha chuo kikuu bila kumaliza, na mwishoni mwa mwaka 1892 akaajiriwa na gazeti la Nippon.

Mwaka 1894, katika kazi hiyo ya gazeti, alikutana na mchoraji Nakamura Fusetsu, aliyesomea uchoraji wa namna ya Ulaya. Shiki aliitukuza michoro ya kale ya Kijapani na kuidharau ile ya kigeni, na wawili hao walibishana kwa muda mrefu. Mwishowe mshairi alikubali kwamba kuna jambo alilokuwa halijui. Mchoraji akiketi mbele ya mti hachori miti yote aliyopata kusikia sifa zake. Huuchora mti ule ulio mbele yake, jinsi nuru inavyouangukia saa ile, na huchagua tawi moja akaliacha jingine. Watunzi wengi wa siku zile walijifungia chumbani wakiusifu mwezi na theluji kwa maneno yale yale waliyorithi. Shiki alichukua kalamu ya risasi na daftari, akaenda kutembea mashambani karibu na kwake, mtaa wa Negishi, akiandika haiku za vitu alivyoviona kwa macho yake. Njia hiyo aliiita kwa neno la wachoraji, shasei, maana yake kuchora kitu chenyewe kilivyo.

Wakati huo Japani ilikuwa ikipigana na China. Shiki aliomba apelekwe kuwa mwandishi wa habari za vita, ingawa marafiki walimsihi asiende kwa sababu ya afya yake. Aliondoka Aprili 1895 pamoja na jeshi la walinzi wa Kaizari. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi tarehe 17 ya mwezi ule ule, naye hakuona mapigano. Aliona miji iliyoharibiwa, akalala mahali pabaya, na waandishi walitendewa bila heshima. Mwezi Mei, melini njiani kurudi, alitema damu nyingi, akafikishwa hospitali ya Kobe akiwa karibu kufa. Hakupona tena. Mwaka 1896 ilijulikana kwamba ugonjwa umeingia katika uti wa mgongo.

Tangu hapo dunia yake ilipungua mpaka ikawa kitanda na bustani ndogo. Hata hivyo, mwaka 1897 aliandika makala juu ya Buson, aliyeishi tangu 1716 hadi 1784, ambaye watu walimkumbuka zaidi kwa picha zake kuliko kwa ushairi. Shiki aliwaonyesha kwamba jicho lile lile la mchoraji ndilo lililozipa nguvu haiku zake. Mwaka 1899 wanafunzi wake walimtilia mlango wa kioo ili aione bustani akiwa amelala. Fusetsu alikuwa amempa rangi za maji, na mgonjwa akaanza kuchora maua na matunda yaliyowekwa kando ya mto wake. Picha moja ya ua alimpelekea Sōseki. Dada yake, Ritsu, alimfunga vidonda kila siku, na maumivu yalimfanya apige kelele. Lakini katika mwaka wake wa mwisho aliliandikia gazeti sehemu 127 za maisha ya kitandani, na ya mwisho ilichapishwa siku mbili kabla ya kufa kwake.

Tarehe 18 Septemba 1902 walimshikia ubao wenye karatasi, akaandika haiku tatu. Hakutaja ushujaa wala mbingu. Alitaja dodoki, mmea uliotambaa mbele ya chumba chake, ambao maji yake yalitumiwa kuwa dawa ya kikohozi, dawa ambayo kwake ilikuwa imechelewa. Usiku ule alifariki, umri wake miaka 34, akiwa ameacha haiku zaidi ya 20,000. Nyumba yake iliteketea kwa mabomu mwaka 1945, ikajengwa upya mwaka 1950.

Askari anayelinda lindo, au anayeandika taarifa ya tukio, anajua jinsi ilivyo vigumu kusema lile tu lililoonekana, bila kuongeza la kusikia na bila kupunguza linalouma. Shiki alifanya hivyo hata alipokuwa akikitazama kifo chake mwenyewe.