Gandhi na Rula

Wanachuo wenzangu, Gandhi (1869–1948) tunamjua kwa siasa. Mimi namsoma kama mwalimu. Mwaka 1893, akielekea Natal, alipitia Lamu, Mombasa na Zanzibar. Miaka kumi baadaye, kule Johannesburg, alisoma Raja Yoga ya Vivekananda, akabandika beti za Bhagavad Gita ukutani azikariri huku akipiga mswaki.

Ila kwenye Shamba la Tolstoy, lililoanzishwa 1910, aliona roho ya mtoto hailelewi kwa vitabu. Mtoto humsoma mwalimu mwenyewe. Siku moja alimchapa kijana mtukutu kwa rula, huku akitetemeka. Miaka mingi baadaye bado alijutia.

Mimi narudi kwetu Bombo, milimani Upare, kufundisha. Fimbo itakuwepo ofisini. Nimeamua: ibaki hukohuko.