Robert Matthey, mutu aliyehesabu mikono ya kromosomu

Mvua ikianza hapa Lubumbashi kinyonga anaonekana kwenye muti wa maembe, na mara moja watoto wanaokota mawe. Leo tumuache kwanza, juu kuna mutu aliyetumia miaka mingi kumuchunguza yeye na mijusi wengine: Robert Matthey wa Uswisi.

Alizaliwa mwaka 1900, akafundisha zoolojia kwenye universite ya Lausanne. Akiwa bado kijana, mwaka 1925, alionyesha kwamba tritoni, munyama wa majini mwenye umbo sawa mujusi, akikatwa mushipa wa jicho, ule mushipa unaota na anaona tena. Hiyo peke yake ingetosha kumupatia jina. Lakini yeye akaingia katika kromosomu, vile vijiti ndani ya seli vinavyobeba urithi wa wazazi.

Mwaka 1931 alitoa kazi kubwa juu ya kromosomu za mijusi, nyoka na kobe. Haikuwa mchezo! Mijusi wengi wana kromosomu 12 kubwa na 24 ndogo sana, sawa vumbi. Ukiruka moja, hesabu yote imeharibika.

Sasa chukua fimbo mbili, uziunge ncha kwa ncha kusudi zifanye V. Ulikuwa na vitu viwili, sasa unacho kimoja, lakini mikono ni ile ile miwili. Kromosomu nazo zinafanya vile. Mumarekani Robertson alikwisha kuliona jambo hilo kwa panzi mwaka 1916. Mwaka 1945 Matthey akasema tuhesabu na mikono pia, akaiita hesabu hiyo namba ya musingi. Basi wanyama wawili wenye kromosomu mbalimbali wanaweza kuwa ndugu wa karibu kabisa. Mwalimu akiuliza kwa mtihani, musisahau mikono.

Vinyonga walimupa kazi: wengine wana 36, wengine 24 tu. Kisha akafuata panya wadogo wa pori ya Afrika, wale wanaofanana mpaka macho yanashindwa kuwatenganisha. Kati yao hesabu inashuka toka 36 mpaka 18.

Alikufa mwaka 1982. Na yule kinyonga wa kwenye muti wa maembe, nani kati yetu anajua ana ngapi?