J. L. B. Smith

James Leonard Brierley Smith (Graaff-Reinet, 26 Septemba 1897 – Grahamstown, 8 Januari 1968) alikuwa mwanakemia na mtaalamu wa samaki kutoka Afrika Kusini. Anajulikana hasa kwa kumtambua silakanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka duniani tangu zama za dinosauri, na kwa kumtafuta kwa miaka 14 katika pwani ya Afrika Mashariki na visiwa vyake. Leo inajulikana kwamba samaki huyo anaishi pia katika bahari ya Tanzania, kuanzia Kilwa hadi Tanga.

Maisha ya awali

Smith alizaliwa katika mji mdogo wa Graaff-Reinet, mbali na bahari. Alisoma kemia, na masomo yake yalikatizwa na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, alipopelekwa kama askari katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani Tanzania bara ya leo pamoja na nchi jirani. Kama askari wengi wa vita ile, aliangushwa na maradhi kuliko risasi, akarudishwa kwao akiwa mgonjwa. Afya yake haikuwa nzuri tena maisha yake yote.

Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1922. Baadaye alifundisha kemia katika Chuo cha Rhodes mjini Grahamstown (leo Makhanda). Samaki walikuwa mapenzi yake ya tangu utotoni. Hakuwahi kusomea elimu ya samaki darasani. Alijifunza mwenyewe, jioni na wakati wa likizo, hadi makumbusho ya pwani yakawa yanamwandikia kumwomba msaada wa kutambua samaki. Mwaka 1938 alimwoa Margaret Mary MacDonald, aliyekuwa mke wake wa pili na mshirika wake katika kazi zote zilizofuata.

Samaki wa mwaka 1938

Tarehe 22 Desemba 1938 meli ya uvuvi ya nahodha Hendrik Goosen ilirudi bandari ya East London na samaki wa ajabu aliyenaswa karibu na mlango wa mto Chalumna. Alikuwa na urefu wa mita 1.5 na uzito wa kilo 57, rangi ya buluu, magamba magumu, na mapezi yaliyoota juu ya vikono vyenye nyama. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya mji huo, alimchora na kumwandikia Smith, ambaye alikuwa likizoni Knysna. Barua ilimfikia tarehe 3 Januari 1939.

Smith aliutambua mchoro mara moja, lakini hakuthubutu kutangaza. Alituma simu ya maandishi akiomba mifupa na matamvua vihifadhiwe. Ilikuwa imechelewa: katika joto la kiangazi samaki alikuwa ameanza kuoza, viungo vya ndani vilikuwa vimetupwa, na kilichobaki ni ngozi iliyojazwa pamoja na fuvu. Smith alimwona kwa macho yake tarehe 16 Februari, akamtangaza katika jarida la *Nature* mwezi uliofuata kwa jina la *Latimeria chalumnae*, kwa heshima ya Courtenay-Latimer na mto Chalumna.

Kwa nini alihitaji samaki wa pili

Visukuku vya silakanti vilikuwa vimefahamika kwa takriban miaka 100, na vya mwisho ni vya miaka milioni 66 hivi iliyopita. Lakini kisukuku huhifadhi mifupa, meno na magamba tu. Maswali makubwa kuhusu chanzo cha wanyama wenye uti wa mgongo yamo katika sehemu laini: ubongo, neva, moyo, na hasa kiinitete.

Jambo hili lilikuwa limejulikana tangu karne ya 19. Mwaka 1868 Mswisi Wilhelm His, akichunguza viinitete vya kuku, aliona ukanda mwembamba wa seli kandokando ya mrija unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo. Ukanda huo unaweza kuitwa kishungi cha neva. Seli zake huhama kutoka mahali zilipozaliwa na kusambaa mwilini, ambako huwa taya, mifupa ya uso, sehemu ya meno, neva nyingi na seli za rangi ya ngozi. Wanyama wenye uti wa mgongo, kuanzia papa hadi binadamu, wote wanacho kishungi hiki. Wataalamu wengi wanaona kwamba ndicho kilichowawezesha kuwa na kichwa chenye taya. Hivyo mtu aliyetaka kujua kichwa cha mnyama wa kale kilijengwaje hakuweza kutosheka na fuvu kavu. Smith alikuwa na fuvu kavu na ngozi.

Msako wa pwani

Vita Kuu ya Pili vilichelewesha kazi. Baada ya vita Smith aliacha kemia, na mwaka 1946 Rhodes ikafungua idara ya elimu ya samaki kwa ajili yake. Aliamini kwamba samaki wa Chalumna alikuwa amepotea njia, na kwamba makazi ya kweli ya silakanti yalikuwa kaskazini zaidi, kwenye miamba ya bahari ya joto. Alichapisha kikaratasi chenye picha na ahadi ya zawadi ya pauni 100, kikasambazwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Lugha zake zilikuwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili, lugha ya wavuvi wengi wa pwani hiyo, hakikuwemo.

Yeye na Margaret walikusanya samaki Msumbiji, Zanzibar na Kenya. Mara nyingi walitumia baruti, njia iliyokubalika kwa wakusanyaji wa wakati huo lakini ambayo leo ni kosa la jinai Tanzania. Mtu aliyeona miamba ya Kilwa au Lindi iliyovunjwa na baruti hawezi kuisifu. Matokeo yake ni kitabu kikubwa cha samaki wa bahari ya kusini mwa Afrika (1949), na takriban spishi mpya 370 alizozipa majina.

Mwaka 1952 huko Zanzibar walikutana na nahodha Eric Hunt, mfanyabiashara aliyesafiri kati ya Zanzibar na Komoro, naye akachukua vikaratasi. Tarehe 20 Desemba mwaka huo mvuvi Ahamadi Abdallah alivua samaki mkubwa karibu na Domoni, kisiwani Anjouan. Samaki huyo alikuwa karibu kukatwakatwa auzwe kitoweo, ila mwalimu wa shule, Affane Mohamed, akamtambua kutokana na picha. Watu walimbeba kwa miguu kuvuka milima ya kisiwa hadi Mutsamudu, alikokuwa Hunt.

Simu ya Hunt ilimkuta Smith melini Durban. Siku za Krismasi zilikuwa zimefunga ofisi, na samaki alikuwa akioza. Smith alimpigia simu Waziri Mkuu D. F. Malan, akapewa ndege ya jeshi. Tarehe 29 Desemba alifika Komoro, akamwona samaki, akalia.

Safari hii sehemu kubwa ya viungo vya ndani ilikuwapo. Kwa kuwa pezi moja la mgongoni lilikosekana, alimwita *Malania anjouanae*, kwa jina la Malan. Baadaye ilionekana kwamba ni spishi ileile, ila samaki huyu alikuwa na kasoro. Ufaransa, iliyotawala Komoro, ikafunga mlango kwa watafiti wa nje, na uchunguzi wa kina wa mwili wa silakanti ukafanywa Paris chini ya Jacques Millot. Smith hakupata samaki mwingine wa kumchunguza kwa namna aliyotaka.

Mawazo yake na yaliyofuata

Katika kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu msako huo, Smith alimwita silakanti samaki wa miguu minne. Alimwona kuwa karibu sana na mababu wa wanyama wa nchi kavu, na alidhani hutembea chini ya bahari. Mwaka 1987 Hans Fricke alimpiga picha kwa nyambizi ndogo: hatembei, bali huogelea akipeleka mapezi kwa zamu, kama mnyama anavyopeleka miguu. Uchunguzi wa jenomu uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kamongo ndiye ndugu wa karibu zaidi wa wanyama wa nchi kavu, na silakanti anamfuata.

Viinitete vilipatikana hatimaye. Mwaka 1975 iligunduliwa New York kwamba jike huzaa watoto walio hai. Mwaka 2019 watafiti walieleza jinsi kichwa kinavyokua tumboni: mhimili laini wa mgongo, ambao kwetu hupungua kabla ya kuzaliwa, kwa silakanti huzidi kunenepa chini ya ubongo, na fuvu hubaki limegawanyika sehemu mbili zenye kiungo katikati.

Kifo

Smith aliugua kwa muda mrefu, na tarehe 8 Januari 1968 alijiua nyumbani kwake Grahamstown akiwa na umri wa miaka 70. Margaret aliongoza taasisi iliyopewa jina la mumewe, ambayo leo ni Taasisi ya Afrika Kusini ya Bioanuwai ya Majini.

Silakanti wa Kilwa

Silakanti wa kwanza kurekodiwa Tanzania alivuliwa Septemba 2003 karibu na Songo Mnara, wilaya ya Kilwa, mkoa wa Lindi. Baadaye wengi zaidi walinaswa Tanga katika majarife ya papa yanayotegwa kwenye kina kirefu. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wale wa kaskazini mwa Tanzania ni kundi linalozaliana lenyewe, tofauti na wale wa Komoro. Hifadhi ya Bahari ya Silakanti ya Tanga ilianzishwa mwaka 2009.